Jinsi ya kuteua vipuri vinavyooana vya tarakilishi ya michezo kwa bajeti ndogo

KIJANA anayetaka kucheza michezo ya video ya kisasa, na hana uwezo wa kununua tarakilishi ya michezo iliyoundwa kiwandani, ana njia moja iliyo nafuu: kununua vipuri kimoja kimoja na kuviunganisha mwenyewe nyumbani. Njia hiyo humwezesha kuelekeza kila shilingi pale inapohitajika zaidi. Isitoshe, siku za usoni anaweza kubadilisha kifaa kimoja tu badala ya kununua mtambo mzima upya.

Hata hivyo, njia hiyo ina mtego wake. Vipuri vingi vya tarakilishi hufanana kwa umbo ilhali havipatani kabisa. Tofauti ya tarakimu moja au herufi moja kwenye boksi yatosha kumwacha mnunuzi na kifaa kisichoingia mahali pake, au kinachoingia lakini hakiwaki. Maduka mengi huandika kwenye risiti kwamba bidhaa zikishauzwa hazirejeshwi. Aliyeweka akiba kwa miezi kadha, au mzazi aliyetoa fedha za karo ya muhula ujao kwa ahadi kwamba mtambo huo utatumiwa pia kwa masomo, hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Makala haya yanaeleza jinsi vipuri hivyo vinavyotegemeana, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

MCHEZO KWANZA, KIFAA BAADAYE

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya mnunuzi kuingia dukani. Wengi huanza kwa kuuliza "prosesa ipi ni bora zaidi" badala ya kujiuliza ni michezo ipi watakayocheza na kwenye skrini ya aina gani.

Skrini ya kawaida ya ukubwa wa nukta 1,920 kwa 1,080 huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani ina kasi ya hezi 60. Kadi ya picha yenye uwezo wa kutoa picha 150 kwa sekunde haitamfaa sana mwenye skrini hiyo, kwani zaidi ya nusu ya kazi yake haitaonekana. Kwa upande mwingine, anayecheza Counter-Strike 2, mchezo uliotoka mwaka 2023, atanufaika na skrini ya hezi 144 kwa kuwa ushindani wake hutegemea wepesi wa macho na mkono.

Kila mchezo huandamana na orodha mbili za mahitaji: kiwango cha chini na kiwango kinachopendekezwa. Mathalani, EA Sports FC 24, mchezo wa kandanda uliochukua nafasi ya FIFA mwaka 2023, ulihitaji angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu ya RAM na gigabaiti 100 za nafasi kwenye diski. Mnunuzi anapaswa kuandika mahitaji ya michezo mitatu au minne anayoipenda, kisha achukue ile iliyo mizito zaidi kuwa kipimo chake. Afuate kiwango kinachopendekezwa, si kile cha chini.

PROSESA NA MADABODI: NDOA YA KWANZA

Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi, na madabodi ni ule ubao mkuu ambao vifaa vyote huunganishwa kwao. Viwili hivi huchaguliwa pamoja. Kinachoviunganisha ni soketi, yaani kile kiota cha pini ambamo prosesa hukaa.

Kampuni mbili, AMD na Intel, ndizo zinazotawala soko la prosesa za tarakilishi za mezani, na soketi zao haziingiliani. Kwa AMD, soketi ya AM4 ilianza kutumika mwaka 2016 na ndiyo iliyobeba prosesa za Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi 5000. Soketi ya AM5 ilifuata mwaka 2022. Prosesa ya AM4 ina pini 1,331 zilizosimama upande wake wa chini, ilhali ile ya AM5 haina pini. Pini zake ziko kwenye madabodi. Hakuna namna moja inaweza kukaa mahali pa nyingine.

Kwa Intel, soketi ya LGA1200 ilitumiwa na prosesa za kizazi cha 10 na cha 11. LGA1700, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ilitumiwa na kizazi cha 12, cha 13 na cha 14. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilileta LGA1851 kwa prosesa zake za Core Ultra 200S.

Lakini soketi kuoana peke yake hakutoshi. Mfano unaowaponza wengi katika soko la mitumba ni soketi ya LGA1151. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 huitumia, na za kizazi cha 8 na cha 9 pia huitumia. Zote zina viguso 1,151 na zinaingia vizuri. Hata hivyo, Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme mwaka 2017, hivyo prosesa ya kizazi cha 8 haifanyi kazi kwenye madabodi iliyotengenezewa kizazi cha 6 au cha 7. Mnunuzi anayehesabu pini tu ataamini kwamba ameuziwa kifaa kibovu, ilhali kifaa ni kizima.

Tatizo la pili ni programu ya BIOS, ile iliyohifadhiwa ndani ya madabodi na ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Madabodi zenye chipseti ya B450 zilianza kuuzwa mwaka 2018, miaka miwili kabla ya prosesa za Ryzen 5000. Zinaweza kuzikubali prosesa hizo, lakini baada ya BIOS kusasishwa. Madabodi iliyokaa kwenye rafu ya duka tangu mwaka huo haitaitambua Ryzen 5 5600, na skrini itabaki nyeusi. Hali ni hiyo hiyo kwa madabodi za Intel zenye chipseti ya H610 au B660 zinapowekewa prosesa za kizazi cha 13 au cha 14.

Dawa yake ni rahisi iwapo mnunuzi ataitafuta mapema. Kila kampuni inayotengeneza madabodi huchapisha katika tovuti yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Ikiwa toleo lililomo ni la zamani, mwenye duka aombwe kulisasisha kabla ya kuuza. Aidha, baadhi ya madabodi zina kitufe maalumu kinachoruhusu BIOS kusasishwa kwa kutumia diski ndogo ya USB bila prosesa kuwekwa. Kitufe hicho ni akiba nzuri.

Jambo la tatu ni herufi zinazofuata nambari ya prosesa. Prosesa ya Intel yenye herufi F, kama vile Core i3-12100F au Core i5-12400F, haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Ni lazima iwe na kadi ya picha. Herufi K humaanisha kwamba kasi yake inaweza kuongezwa, na aghalabu haiuzwi pamoja na kipozajoto. Kwa prosesa za Ryzen za soketi ya AM4 mambo huwa kinyume: Ryzen 5 5600 haina picha, na ni ile yenye herufi G, Ryzen 5 5600G, iliyo nayo. Mwenye fedha kidogo anaweza kuanza na 5600G, acheze michezo mepesi, kisha aongeze kadi ya picha baadaye.

RAM: PINI NI SAWA, PENGO SI SAWA

Kumbukumbu ya RAM ya aina ya DDR4 ina pini 288. Ya DDR5 pia ina pini 288. Licha ya hayo, pengo lililokatwa kati ya pini hizo halipo mahali pamoja, na umeme wake pia si mmoja: DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Anayelazimisha moja iingie katika nafasi ya nyingine ataharibu RAM, madabodi au vyote viwili. DDR3 ya zamani ina pini 240 na haihusiani na hizo mbili.

Madabodi za AM4 hutumia DDR4 pekee, na za AM5 hutumia DDR5 pekee. Mtego uko kwenye LGA1700. Soketi hiyo inakubali aina zote mbili, lakini madabodi yenyewe imeundwa kwa aina moja tu. Madabodi mbili zenye jina linalokaribiana kabisa zinaweza kutofautiana kwa neno "D4" pekee mwishoni.

Kuna aina nyingine mbili za RAM za kuepukwa. Ya kwanza ni ile fupi ya vipakatalishi, iitwayo SO-DIMM, ambayo haiingii katika madabodi ya kawaida. Ya pili ni RAM ya seva iliyoandikwa "Registered" au RDIMM. Hiyo huuzwa kwa bei ya chini mno na huweza kuingia katika nafasi ya DDR4, lakini madabodi za nyumbani haziikubali.

Kwa michezo ya sasa, gigabaiti 16 ndicho kiwango cha busara. Ni heri kununua vibao viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, kwa sababu vibao viwili hufungua njia mbili za mawasiliano na prosesa. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwa prosesa zinazotoa picha zenyewe, kama 5600G, kwa kuwa hukopa RAM hiyo hiyo kwa kazi ya picha. Kwenye madabodi yenye nafasi nne, vibao viwili kwa kawaida huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa.

Anayenunua RAM anapaswa kuulizia bei upya siku ya ununuzi badala ya kutegemea aliyoisikia mwaka uliopita. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi ulimwenguni, baada ya watengenezaji kuelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwa vituo vya data vya akili unde. Mwenye vibao vizima vya DDR4 kutoka mtambo wa zamani asiviuze kabla ya kupiga hesabu. Huenda vikaamua kwamba soketi ya AM4 au LGA1700 ndiyo itakayomfaa.

KADI YA PICHA: HAPA NDIPO FEDHA ZIENDAPO

Katika tarakilishi ya michezo, kadi ya picha ndiyo inayostahili fungu kubwa zaidi, kati ya thuluthi moja na mbili kwa tano za bajeti. Kwa mfano, aliye na Sh90,000 za mtambo bila skrini anaweza kutenga kati ya Sh30,000 na Sh36,000 kwa kadi hiyo. Kuweka prosesa ghali kando ya kadi dhaifu ni sawa na kufunga injini ya lori kwenye mkokoteni.

Kadi hizi huingia katika nafasi ndefu ya PCIe, na habari njema ni kwamba matoleo ya PCIe yanaelewana: kadi ya toleo la 4 hufanya kazi katika madabodi ya toleo la 3. Tatizo hujitokeza kwa kadi zilizopunguziwa njia. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 hutumia njia 4 tu badala ya 16. Katika madabodi ya PCIe 3.0 njia hizo hupitisha nusu ya data, na kadi hiyo hupungua kasi waziwazi. RX 6600, yenye njia 8 na gigabaiti 8 za kumbukumbu, haidhuriki sana. Ikumbukwe pia kwamba Ryzen 5 5600G hutumia PCIe 3.0 hata ikiwekwa katika madabodi ya toleo la 4.

Kadi za Arc za kampuni ya Intel, kama B580 iliyotoka Desemba 2024, zina sharti lake. Hutegemea uwezo uitwao Resizable BAR, ambao huwashwa kupitia BIOS. Kwenye mtambo wa zamani usio na uwezo huo, kadi hizo hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Kwa hivyo hazimfai anayetaka kufufua tarakilishi kuukuu.

Mwisho ni vipimo vya mwili. Kadi nyingi huwa na unene wa nafasi mbili na urefu wa zaidi ya sentimita 20. Urefu huo ulinganishwe na ule uliotajwa na mtengenezaji wa kasha.

PAWASAPLAI: MAHALI PASIPOFAA UBAHILI

Kifaa kinachodharauliwa zaidi ni pawasaplai, kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine. Kikiharibika vibaya, huweza kuteketeza madabodi, kadi ya picha na diski kwa pamoja.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme prosesa ni Ryzen 5 5600, yenye kiwango cha wati 65 lakini inayoweza kupanda juu ya hapo, hivyo ikadiriwe wati 90. Kadi ya RX 6600 hutumia wati 132. Madabodi, RAM, diski na feni vikadiriwe wati 50. Jumla ni wati 272. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 itabeba mzigo huo ikiwa imefika kiasi cha nusu ya uwezo wake, na itabakisha nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye.

Neno "kweli" lina uzito. Kuna pawasaplai nyingi nyepesi zilizobandikwa karatasi ya wati 500 au 600 ilhali hazifikii kiwango hicho. Mnunuzi asome jedwali lililo ubavuni na kutafuta mstari wa volti 12, kwani prosesa na kadi ya picha hula kutoka hapo. Mstari huo ukionyesha ampea 38, basi volti 12 mara 38 ni wati 456, kiwango kinachosadikika kwa kifaa cha wati 500. Ukionyesha ampea 18, ni wati 216 tu, na maandishi makubwa ya juu ni ya kupuuzwa. Alama ya 80 Plus huonyesha kwamba kifaa kilipimwa ubora wa matumizi ya umeme, ingawa haithibitishi kila kitu.

Plagi nazo zihesabiwe. Madabodi huhitaji plagi ya pini 24, na prosesa plagi yake ya pini 4 au 8. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Kadi kama GeForce RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70, kwa kawaida haihitaji plagi ya ziada.

Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye alama za 115 na 230. Iliyotoka Marekani huenda imeachwa kwenye 115, na ikichomekwa ukutani hapa nchini italipuka papo hapo. Aidha, kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo katika mitaa mingi, kifaa cha kinga, mithili ya vile vinavyolinda friji na televisheni, ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara inayoweza kutokea.

DISKI, KASHA NA KIPOZAJOTO

Diski ya SSD imekuwa ya lazima kwa michezo mingi mipya. Zile za umbo la kijibao chembamba huingia katika nafasi ya M.2, lakini umbo hilo hubeba lugha mbili tofauti: SATA na NVMe. SSD ya SATA hufikia kasi ya takribani megabaiti 550 kwa sekunde, na ya NVMe ya PCIe 3.0 hufikia takribani 3,500. Baadhi ya nafasi za M.2 hukubali lugha moja tu. Katika madabodi nyingine, nafasi hiyo ikitumiwa, mlango mmoja au miwili ya SATA huzimika. Kijitabu cha madabodi hueleza haya yote.

Kwa upande wa kasha, madabodi za ATX zina vipimo vya milimita 305 kwa 244, micro-ATX 244 kwa 244, na mini-ITX 170 kwa 170. Kasha la ATX hukubali ndogo zake, lakini kasha la micro-ATX halikubali ATX. Kwa bajeti ndogo, micro-ATX hutosha. Katika maeneo yenye joto jingi kama Mombasa, Garissa au Lodwar, kasha lenye wavu mbele na feni mbili lina manufaa kuliko lililozibwa kwa kioo.

Kipozajoto nacho hufungwa kulingana na soketi. Matundu ya LGA1700 yameachana zaidi kuliko ya LGA1200, hivyo kipozajoto cha zamani huhitaji vyuma vipya vya kukishikilia. Prosesa kama 5600 au 12400F zinaponunuliwa ndani ya boksi la kiwandani huja na kipozajoto kinachotosha. Zikinunuliwa bila boksi, gharama hiyo iongezwe.

TARAKILISHI KUUKUU ZA OFISI

Wapo wanaopendelea kununua tarakilishi iliyotumika ofisini ng'ambo na kuitia kadi ya picha. Ni njia ya mkato inayofaa, mradi mambo matatu yakaguliwe.

Mosi ni pawasaplai. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia plagi ya madabodi yenye pini 8 badala ya 24. Pawasaplai ya kawaida haiingii bila waya maalumu wa kuunganisha. Kwa mitambo hiyo, kadi isiyohitaji plagi ya ziada ndiyo salama.

Pili ni kimo. Mitambo myembamba hukubali kadi fupi pekee, zinazojulikana kama "low profile", na zenye kibao kifupi cha nyuma.

Tatu ni umri. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na, kwa kanuni za kampuni hiyo, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ama AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 au zaidi. OptiPlex 9020 ni ya kizazi cha 4. Suala hili si la karatasi tu, kwani baadhi ya michezo ya ushindani, ukiwemo Valorant, hukataa kufunguka kwenye Windows 11 ikiwa TPM 2.0 na Secure Boot hazijawashwa.

BANDIA, MITUMBA NA RISITI

Mnamo Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika katika masoko ya mitumba. Kadi ya aina hiyo si lazima iwe mbovu, ila inafaa ijaribiwe ikiwa na mzigo kwa nusu saa, feni zisikilizwe na joto litazamwe.

Kuna pia kadi bandia: za zamani ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za namna hiyo na kuonyesha onyo. Mnunuzi aende nayo kwenye diski ndogo ya USB, na asilipe kabla ya kuona mtambo ukiwaka.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humpa nguvu zaidi mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, kuliko yule aliyetaja tu jina la bidhaa. Basi ni vyema kumwambia muuzaji, "Nataka madabodi itakayoiwasha Ryzen 5 5600," kisha kumwomba aandike hivyo kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

ORODHA MOJA KAMILI

Ili kuonyesha jinsi vipuri vinavyoshikana, chukua mfano huu: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya micro-ATX yenye chipseti ya B550 na BIOS iliyosasishwa, vibao viwili vya RAM ya DDR4, gigabaiti 8 kila kimoja, kadi ya RX 6600, SSD ya NVMe ya terabaiti moja, pawasaplai ya wati 500 yenye alama ya 80 Plus, na kasha la micro-ATX lenye feni mbili.

Soketi ni AM4 kwa AM4. RAM ni DDR4 kwa DDR4. Prosesa na madabodi zote hutumia PCIe 4.0, hivyo njia 8 za kadi hazibanwi. Kadi huhitaji plagi moja ya pini 8, nayo pawasaplai ya kiwango hicho kwa kawaida huwa nayo. Prosesa haina picha yake, lakini kadi ipo. Kila swali lina jibu, na hapo ndipo fedha zinapofaa kutoka mfukoni.

Anayeunganisha vifaa hivyo aguse kwanza sehemu ya chuma ya kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Prosesa, RAM na kipozajoto zifungwe madabodi ikiwa bado juu ya boksi lake, na mtambo uwashwe mara moja hapo nje kabla ya kuingizwa kwenye kasha. Nguzo ndogo za shaba zinazoinua madabodi ziwekwe tu chini ya matundu yake, kwa kuwa nguzo iliyokaa pasipo tundu huweza kusababisha shoti. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha, si kwenye madabodi. Mwishowe, XMP iwashwe ndani ya BIOS ili RAM ifikie kasi iliyolipiwa.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Tarakilishi iwakayo mara ya kwanza kwa kubonyeza kitufe kimoja huwa imeundwa siku nyingi kabla, kwenye karatasi, pale mnunuzi alipolinganisha soketi, volti, wati na milimita. Saa mbili za kusoma orodha hizo hazigharimu chochote. Asiyezitenga hujikuta akirejea dukani na boksi lililofunguliwa, na huko jibu huwa limeshaandikwa kwenye risiti.